Mmejuaje Kijiko Hiki Kilikuwa cha Nani?

Vitu vya kifalme havina shida ya kueleweka. Taji lina jina la aliyelivaa, upanga wa jemadari una vita vyake, na habari zake ziliandikwa na watu waliolipwa kuziandika. Shida ipo kwenye kijiko. Makumbusho ya historia ya mahali, yale madogo yanayotunza kumbukumbu za mji mmoja au wilaya moja, yamejaa vijiko, pasi za mkaa, chupa tupu, cherehani, viatu vya watoto na masanduku ya safari. Vitu hivyo vilitengenezwa kwa maelfu, vikanunuliwa na watu ambao hakuna aliyeandika habari zao, vikatumika hadi vikachakaa. Kwa hiyo mgeni akisoma kwenye kibandiko kwamba kijiko fulani kilikuwa cha mjane fulani, aliyekwangulia sufuria yake kwa miaka mingi, ana haki ya kuuliza: mmejuaje?

Jibu si moja. Kisa cha kitu cha kawaida hutoka sehemu tatu: mwili wa kitu chenyewe, maandishi yanayoandamana nacho, na maneno ya mtu aliyekileta. Kila sehemu inajua mambo ambayo nyingine haziyajui, na kila moja ina namna yake ya kupotosha. Ninavyoona mimi, kazi kubwa ya makumbusho ni kuzuia sehemu hizo tatu zisiachane, kwa sababu zikishaachana ni nadra zikutane tena.

Kinachosomeka kwenye kitu chenyewe

Kijiko cha chuma kina habari nyingi kuliko mtu anavyodhani. Anayetumia mkono wa kulia anapokwangua sufuria, ncha ya kijiko upande wa kushoto ndiyo inayosuguana na chuma. Miaka ikipita, upande huo hulika na kijiko huenda mshazari. Kikilika upande wa kulia, kinaelekeza kwa mtu wa mkono wa kushoto. Hakuna karatasi inayosema hayo. Yameandikwa na kazi ya kila siku, na mwenye kijiko huenda hakuwahi kuyaona.

Chupa nayo ina umri wake mwilini. Chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu hubaki na mstari mahali ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Kwa chupa nyingi za karne ya 19, fundi alimalizia mdomo kwa mkono, kwa kifaa alichokizungusha wakati kioo bado ni laini, na kwa kufanya hivyo alifuta mstari shingoni. Mwaka 1903, Mmarekani Michael Owens alifanikiwa kutengeneza mashine iliyofinyanga chupa nzima bila mkono wa mtu, na mstari ukapanda mpaka kwenye mdomo. Mhifadhi anayepewa chupa isiyo na jina wala tarehe hupitisha ukucha shingoni kabla ya jambo lingine lolote. Mstari ukiishia chini ya mdomo, inaelekea chupa ni ya enzi ya mikono; ukifika juu kabisa, ni ya mashine.

Kuna chupa nyingine ninayoipenda zaidi, ile ya soda iliyobuniwa na Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870. Kizibo chake kilikuwa gololi ya kioo iliyokaa ndani ya shingo, ikisukumwa juu na gesi ya kinywaji chenyewe. Makumbusho mengi hupokea chupa hizo zikiwa zimevunjwa shingo, na uvunjaji huo si ajali. Watoto walizivunja ili wapate gololi ya kuchezea. Kwa hiyo chupa nzima inasimulia habari za kiwanda na hataza, na iliyovunjika inasimulia habari za watoto. Ningekuwa na nafasi ya kuonyesha moja tu, ningechagua iliyovunjika.

Wakati mwingine kitu kinaeleza jambo kwa sababu ya kitu kingine ambacho hakipo. Peter Durand alipata hataza ya kuhifadhi chakula kwenye makopo huko Uingereza mwaka 1810. Kifaa maalumu cha kuyafungulia hakikupata hataza nchini Marekani hadi mwaka 1858, kupitia Ezra Warner. Kati ya miaka hiyo watu walitumia patasi na nyundo, visu, au chochote kilichokuwa karibu. Kopo la zamani lenye kifuniko kilichotobolewa ovyo halikufunguliwa na mtu asiye na adabu ya mezani. Lilifunguliwa wakati ambapo dunia ilikuwa na makopo bila kuwa na vifunguo vyake.

Halafu kuna chapa. Sahani na vikombe vya Uingereza vilivyosajiliwa kati ya mwaka 1842 na 1883 vinaweza kuwa na chapa yenye umbo la almasi mgongoni, na herufi na namba kwenye pembe zake zinataja siku, mwezi na mwaka. Mtu akiijua lugha hiyo anajisikia amepata cheti cha kuzaliwa cha sahani. Hapo ndipo anapokosea. Tarehe hiyo ni ya kusajiliwa kwa mchoro, na kiwanda kiliweza kuendelea kutengeneza sahani za mchoro huo kwa miaka mingi baadaye. Vivyo hivyo na jina la nchi lililopigwa chini ya kikombe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilitaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, na wakusanyaji wengi hutumia kanuni kwamba kikombe chenye neno hilo ni cha baada ya 1891. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haiwezi kugeuzwa kinyume chake: kikombe kisicho na neno lolote huenda kilitengenezwa baadaye sana kwa ajili ya wanunuzi wa nyumbani. Chapa huonyesha mapema zaidi kitu kingeweza kutengenezwa lini. Haionyeshi kilinunuliwa lini, sembuse nani alikinywea.

Huo ndio mpaka wa ushahidi wa mwili. Unaweza kueleza kitu kilitengenezwaje, kwa takriban lini, na kilitumikaje. Mtu mwenyewe hawezi kutajwa na kioo wala chuma.

Karatasi, pini na nyumba ya watoto huko London

Jina la mtu hukaa kwenye maandishi. Kitu kinapoingia makumbusho hupewa namba, na namba hiyo huandikwa mahali pawili: kwenye daftari la usajili na kwenye kitu chenyewe, kwa herufi ndogo, juu ya tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa bila kukidhuru kitu. Mpangilio unaotumika sana ni wa mwaka, zawadi na kipande. Namba 1987.14.3 maana yake ni kipande cha tatu katika zawadi ya kumi na nne iliyopokelewa mwaka 1987. Taratibu za kazi hii ziliwekwa pamoja Uingereza chini ya jina Spectrum mwaka 1994, na sasa zinafuatwa katika nchi nyingi. Namba ni kitu kikavu, najua. Lakini ukiifuta kwenye kijiko cha mjane, kijiko kinabaki kijiko tu, na mjane anatoweka.

Sijui mfano unaoeleza hili vizuri kuliko ule wa Foundling Hospital ya London. Licha ya jina lake, haikuwa hospitali bali nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwatunza. Nahodha Thomas Coram alihangaika kwa miaka mingi mpaka akapata kibali cha mfalme mwaka 1739, na watoto wa kwanza wakapokewa mwaka 1741. Kila mtoto alipewa namba na jina jipya. Mama aliombwa aache alama yoyote, ili siku akirudi aweze kutambuliwa pamoja na mtoto wake. Wengine waliacha sarafu iliyochorwa kwa msumari, wengine kifungo, pete, au ganda la kokwa. Wasiokuwa na kitu, karani aliwakatia kipande cha nguo, mara nyingi kutoka kwenye vazi la mtoto mwenyewe, akakibana kwa pini kwenye fomu ya kumpokelea. Fomu ilikunjwa na kufungwa.

Mwaka 1767 mama aitwaye Sarah Bender alimleta mwanawe, akaacha kipande cha kazi ya viraka kilichodariziwa moyo, kikiwa kimekatwa katikati. Nusu moja ilibaki na fomu ya mtoto namba 16516, aliyepewa jina la Benjamin Twirl. Nusu nyingine alikwenda nayo mama. Mwaka 1775 alirudi, akamchukua mtoto wake. Ninapoandika haya natambua jinsi tunavyovutwa na kisa chenye mwisho mwema, kwa hiyo hesabu inafaa kuwekwa kando yake: katika watoto 16,282 waliopokewa kati ya mwaka 1741 na 1760, waliochukuliwa tena na wazazi walikuwa 152. Vipande vingi vya nguo havikuwahi kuulizwa na mtu.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. Katika miaka ya 1860 wasimamizi wa nyumba hiyo waliona kwamba zile sarafu, pete na vifungo vingewagusa wageni. Wakazitoa kwenye fomu zake, wakazipanga kabatini. Nia ilikuwa njema. Lakini sarafu iliyotengwa na fomu haina mtoto tena, na kabati likajaa alama za mapenzi zisizojulikana ni za nani. Watafiti wa miaka ya karibuni wamelazimika kurudi kwenye fomu, moja baada ya nyingine, wakitafuta maelezo ya karani yanayolingana na sarafu au pete fulani, na wamefanikiwa kuziunganisha baadhi tu.

Vipande vya nguo vilisalimika. Hakuna aliyeona kwamba kitambaa chakavu kilichobanwa kwa pini kinafaa kuonyeshwa, kwa hiyo kilibaki pale pale kilipobanwa, na ndiyo maana leo tunaweza kusema kitambaa hiki chenye maua mekundu kilitoka kwenye vazi la mtoto fulani, wa namba fulani, aliyepokewa siku fulani. Vipande kama 5,000 vya namna hiyo vimehifadhiwa. Ni mkusanyo mkubwa kuliko wote wa nguo za kila siku za karne ya 18 uliobaki Uingereza, na uliundwa na makarani ambao hawakuwa na wazo lolote la makumbusho.

Maneno ya aliyekileta

Sehemu ya tatu ndiyo tamu zaidi na ndiyo yenye mitego. Mtu anakuja na kiti mgongoni mwa gari na kusema kililetwa na babu wa babu yake. Familia hazina nia ya kudanganya, ila kumbukumbu za familia hufupisha. Vizazi viwili huunganishwa kuwa kimoja, kitu cha shangazi kinahamishiwa kwa bibi kwa sababu bibi ndiye anayekumbukwa, na tukio kubwa la historia huvuta kila kitu kilichokuwa karibu nalo. Mhifadhi mzuri hacheki wala hakatai. Anaandika alichoambiwa, na nani, na tarehe ya maongezi, kisha anaandika kando yake kile ambacho kitu chenyewe kinaonyesha. Vikipingana, vyote viwili vinabaki kwenye faili.

Hatari huja pale ambapo hamu ya kuamini inawatangulia macho. Mwaka 1969 mchongaji wa Rhode Island, Armand LaMontagne, alitengeneza kiti cha mtindo wa wahamiaji Waingereza wa karne ya 17, cha aina inayohusishwa na mzee William Brewster aliyesafiri na meli Mayflower kwenda Marekani. Alikichakaza, akakiacha kiingie sokoni kwa njia za kimya, na baada ya muda Henry Ford Museum huko Michigan wakakinunua kwa dola 9,000 kama kiti halisi. Mwaka 1977 ukweli ulitoka. Alikuwa ameacha ushahidi makusudi: matundu ndani ya miguu yalitobolewa kwa keekee ya kisasa, ambayo huacha umbo tofauti na ile ya zamani, na picha za eksirei zilithibitisha. Mwili wa kiti ulikuwa na jibu muda wote. Kilichokosekana ni mlolongo wa watu waliokimiliki, na pengo hilo lilizibwa kwa matumaini. Ninaheshimu kwamba makumbusho hayo hayakukitupa, yanakitumia kufundishia.

Kuna visa pia ambavyo havikuwa vya mtu yeyote tangu mwanzo. Sahani za rangi ya buluu na nyeupe zenye mti wa mwerebi, daraja na ndege wawili zimo katika makumbusho ya mabara yote, na mara nyingi zinaandamana na hadithi ya wapenzi wawili wa China waliokimbia hasira za baba na mwishowe kugeuka ndege. Mchoro huo ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga bidhaa za China, na hadithi ikatungwa huko huko Uingereza baadaye, ikiufuata mchoro. Je, tuitupe? Mimi nasema hapana. Familia zilizokula juu ya sahani hizo ziliwasimulia watoto hadithi hiyo kwa zaidi ya karne moja, na huo ni ukweli kuhusu familia hizo. Kibandiko kinachosema yote mawili, kwamba hadithi ilitungwa na kwamba ilisimuliwa kwa moyo, kina thamani kuliko kinachochagua upande mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi uko Oxford, katika Pitt Rivers Museum. Kuna chupa ndogo ya kioo yenye rangi ya fedha, iliyopatikana karibu mwaka 1915 kutoka kwa bibi kizee mmoja wa kijiji kilicho karibu na Hove, kusini mwa Uingereza, na kukabidhiwa kwa makumbusho na mwanazuoni Margaret Murray mwaka 1926. Bibi huyo alieleza kwamba ndani yake mna mchawi, na kwamba akiachiwa kutakuwa na balaa. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema, na chupa haijafunguliwa. Hakuna chombo cha maabara kitakachopima ukweli wa kauli ile, lakini bila kauli hiyo chupa isingekuwa na sababu ya kuwa pale.

Wakati mwingine hata maneno hayapo, na kisa kizima kinatokana na mahali kitu kilipokutwa. Mafundi wanaobomoa nyumba za zamani, hasa Uingereza, hukuta kiatu kimefichwa ukutani, kwenye dohani au chini ya sakafu. Kwa kawaida ni kimoja tu, kimechakaa sana, na mara nyingi ni cha mtoto. Katika miaka ya 1950 mhifadhi June Swann wa makumbusho ya Northampton alianza kuorodhesha viatu hivyo, na orodha imeendelea kukua. Watu waliovificha hawakuacha maandishi ya kueleza kwa nini. Fundi akikitupa kiatu sakafuni kisha akakiokota mtu mwingine na kukipeleka makumbusho, ni kiatu kibovu. Fundi akisema, "Nilikitoa nyuma ya jiko, upande wa kulia, juu ya boriti," kinakuwa sehemu ya desturi ya maelfu ya nyumba.

Maisha marefu ya kitu kimoja

Jambo linalochanganya wengi ni kudhani kitu kina kisa kimoja. Mwanaanthropolojia Igor Kopytoff alipendekeza mwaka 1986 kwamba kitu kielezwe kama tunavyoeleza maisha ya mtu: kilizaliwa wapi, kimepitia hali gani, na kinatarajiwa kuishia wapi. Mfano wake ulikuwa nyumba za Wasuku wa Kongo. Nyumba iliishi takriban miaka 10. Ilianza kama makazi ya mume na mke, ikaja kuwa ya wageni au ya mjane, ikawa kijiwe cha vijana, ikawa jiko, mwishowe banda la mbuzi au kuku, hadi mchwa wakaimaliza. Mtu aliyeiona mwaka wa tisa akaandika "banda la mbuzi" hakukosea, lakini amekosa miaka minane.

Vitu vya makumbusho viko hivyo hivyo. Sufuria iliyoharibika ikawa chungu cha maua. Gunia la unga likawa shati. Je, kibandiko kiandike sufuria au chungu cha maua? Mazoea ya zamani yalikuwa kuchagua hali ya kwanza na kuondoa dalili za hali zilizofuata, na ndiyo maana vitu vingi vilisafishwa mpaka vikang'aa. Masizi yalifutwa, jasho likafuliwa, viraka vikafumuliwa. Hayo yote yalikuwa maandishi. Kiraka kibaya kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona kina habari ambayo koti jipya halina: kwamba nyumba hiyo, wakati huo, haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Hapa pia lazima kusemwe wazi kuhusu wanaokosekana. Makumbusho mengi yana magauni ya harusi kuliko nguo za kazi, ingawa kila mtu alivaa nguo za kazi siku nyingi zaidi. Gauni la harusi huvaliwa mara moja na kukunjwa kwa uangalifu. Suruali ya kibarua huvaliwa mpaka inachanika, kisha inakuwa kitambaa cha kufutia. Artur Hazelius, aliyeanza kukusanya mavazi na vyombo vya wakulima wa Sweden mwaka 1872 baada ya kuona desturi zao zikitoweka Dalarna, alikuwa akishindana na kasi hiyo. Mkusanyo wake ulifunguliwa Stockholm mwaka 1873 na ukazaa Nordiska museet, na mwaka 1891 akaanzisha Skansen, makumbusho ya wazi yenye nyumba nzima zilizohamishwa. Miaka zaidi ya mia tangu Hazelius aanze kukusanya, mwaka 1977, makumbusho ya Sweden yaliunda mtandao uitwao Samdok ili kuandika maisha ya wakati uliopo kabla hayajawa ya zamani. Waliingia majumbani na kazini, wakawauliza wenye vitu huku vitu bado vinatumika. Wazo hilo bado linanishangaza kwa urahisi wake. Wakati mzuri wa kumuuliza mtu kuhusu kijiko chake ni pale anapokishika.

Jina linapokuwa zito

Kuna vitu ambavyo sehemu zake tatu hazikuachana kabisa, na nguvu yake inatoka hapo. Katika makumbusho ya amani ya Hiroshima kuna baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, iliyoungua na kupata kutu. Shinichi Tetsutani, aliyekuwa bado hajatimiza miaka minne, alikuwa akiiendesha asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Alifariki usiku huo. Baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli, na miaka 40 baadaye, mwaka 1985, alipohamisha mabaki ya mwanawe kwenye kaburi la familia, aliitoa baiskeli kwa makumbusho. Chuma kina alama za moto, daftari lina jina, na baba mwenyewe ndiye aliyesema. Ondoa moja katika hayo ujionee kinachobaki.

Lakini jina si la kutangazwa kila mara. Mwaka 1995, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willard katika jimbo la New York ilipofungwa, wafanyakazi walikuta darini masanduku zaidi ya 400. Yalikuwa ya wagonjwa waliolazwa kuanzia miaka ya 1910, wengi wao wakiwa wamefia hapo hapo bila kuyafungua tena. Ndani mlikuwa na picha, barua, vifaa vya kushonea, mswaki, nguo zilizokunjwa na mtu aliyedhani atarudi nyumbani. Makumbusho ya jimbo hilo yaliyachukua. Majina kamili yalikuwepo kwenye faili, ila sheria ya siri za wagonjwa ilizuia kuyataja, na mjadala haujaisha kati ya wanaosema jina likifichwa aibu inaendelea na wanaosema wagonjwa hawakuombwa ruhusa. Mimi naelemea upande wa kutaja, pale ambapo ndugu wanakubali. Kumficha mtu kwa sababu aliugua ni kuendeleza kile alichotendewa.

District Six Museum ya Cape Town ilifunguliwa mwaka 1994 kwa njia tofauti: iliwaacha wenye majina wayaandike wenyewe. Mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu peke yao mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Miongoni mwa vitu vilivyoanzisha mkusanyo ni vibao vya majina ya barabara ambavyo mmoja wa watu wa kikosi cha ubomoaji alivificha badala ya kuvitupa. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliohamishwa wameandika juu yake nyumba zao zilipokuwa. Kuna pia kitambaa kirefu wanachoandikia majina na kumbukumbu, ambazo baadaye hudariziwa ili wino usipotee. Kibao cha barabara ni bati lililopakwa rangi. Pale kina watu wanaoweza kusimama chini yake na kusema waliishi namba ngapi.

Ukitaka kutoa kitu

Anayefikiria kupeleka kitu cha familia makumbusho ya karibu naye na ajue mambo machache. Usikioshe. Andika, kwa mkono wako, nani alikitumia, wapi, kwa kazi gani, na wewe umeyajuaje: uliona mwenyewe, uliambiwa, au unadhani. Neno "nadhani" ni la thamani kubwa kwenye faili. Linamwokoa mhifadhi wa kesho asijenge juu ya mchanga. Kama ipo picha inayokionyesha kitu kikitumika, ipeleke hata kama ni mbaya. Utaombwa usaini hati ya kuhamisha umiliki, na usione ni urasimu: bila hati hiyo, watoto wako na makumbusho wanaweza kuja kugombana.

Na huenda wakakataa. Makumbusho mengi yameelemewa. Utafiti wa mwaka 2011 wa UNESCO na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, ulikadiria kwamba asilimia 60 ya mikusanyo iliyo stoo duniani iko hatarini. Mfano wa kawaida ni cherehani ya Singer. Kampuni hiyo ilianza kuuza kwa malipo ya awamu mwaka 1856, mashine zake zikaingia nyumba zisizo na kitu kingine cha kiwandani, na kwa kuwa zilikuwa imara zimebaki kwa wingi. Namba iliyogongwa kwenye chuma inaweza kutaja mwaka na kiwanda ilikotoka, kwa mfano kile kikubwa cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Hayo mhifadhi anayo tayari kwenye mashine nne zilizoko stoo, na ya tano haimwongezei kitu.

Isipokuwa ikija na droo yake. Ndani ya droo iwe na daftari la fundi lenye vipimo vya wateja, deni la kila mmoja na tarehe aliyolipa, mfuko wa vifungo visivyolingana, na chaki iliyobaki kidogo. Droo hiyo ndiyo ya kutazama kwanza, kabla hata ya kuigusa mashine, na isifunguliwe na mtu aliyekuja na ufagio.